Kwa Nini Damu Yako Hupimwa Mara ya Pili: Kipimo cha Kwanza cha VVU na Huduma Tulizonazo Leo

Katika zoezi moja la uchangiaji damu lililofanyika wilayani mwetu, kwenye uwanja wa shule ya sekondari, kijana mmoja alimsogelea muuguzi aliyekuwa akiandikisha majina, akamwuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikitoa damu, mtanipa majibu ya ule ugonjwa?" Muuguzi hakumkemea. Alimketisha pembeni, akamweleza kwamba damu yake ingepimwa, naam, lakini benki ya damu si mahali pa mtu kwenda kujua hali yake. Kama anataka kujua, kipo chumba cha ushauri nasaha katika kituo cha afya, naye angepokelewa siku hiyohiyo. Kijana aliitikia kwa heshima, ila uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika. Ikiwa damu ni ileile, tofauti iko wapi?

Swali lake ni la haki, wala si geni. Liliulizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 katika miji ya Marekani, na miaka michache baadaye likaulizwa Kampala. Tena lina ndugu yake, ambalo wauguzi wetu hulisikia mara kwa mara: "Mmekwisha kunichoma kidole mkapata majibu, mbona mnanichoma tena?" Wapo ambao, wakiona wanarudiwa, huamini kwamba wanafichwa jambo au kwamba mhudumu haijui kazi yake, nao huondoka kabla ya kipimo cha pili. Mtu wa namna hiyo huweza kukaa miaka na nusu ya jibu: mmoja akidhani anao kumbe hana, mwingine akiwa nao kweli na hajaanza dawa.

Maswali yote mawili yana jibu moja, na jibu hilo limo katika historia ya kipimo chenyewe.

Miaka minne bila kipimo

Tarehe 5 Juni 1981 kituo cha Serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichapisha taarifa fupi juu ya vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia ya aina ambayo kwa kawaida haiwapati watu wenye afya. Kwa karibu miaka minne iliyofuata hapakuwa na njia yoyote ya kumtambua mwenye maambukizi kabla hajaugua. Daktari aliujua ugonjwa kwa macho, wakati mwili ulipokwisha kushindwa.

Huku kwetu wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wananchi wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikivushwa mpakani na wafanyabiashara. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Majina hayo yenyewe yanaonyesha hali ilivyokuwa: watu waliuita ugonjwa kwa walichokiona kwa nje, maana cha ndani hakikuonekana. Hata Oktoba 1985, wataalamu walipokutana Bangui katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa mwito wa Shirika la Afya Duniani, ilibidi watunge orodha ya dalili, kama vile kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuharisha kwa zaidi ya mwezi na homa isiyokoma, ili daktari asiye na maabara aweze kutoa taarifa.

Virusi vyenyewe vilielezwa kwanza na watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier pamoja na wenzao, katika jarida lililotoka Mei 1983. Mwaka uliofuata kundi la Robert Gallo nchini Marekani lilithibitisha kwamba virusi hivyo ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, na likaonyesha namna ya kuvikuza kwa wingi katika seli za maabara. Jambo hilo la pili ndilo lililofungua mlango wa kipimo, kwa kuwa bila virusi vingi hakuna cha kupimia. Tarehe 23 Aprili 1984 Waziri wa Afya wa Marekani, Margaret Heckler, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba kipimo cha damu kingepatikana baada ya miezi sita hivi, na kwamba chanjo ingekuwa tayari kufanyiwa majaribio katika muda wa miaka miwili. Kipimo kilichelewa kwa miezi michache tu. Chanjo inasubiriwa hadi leo.

Kipimo cha kwanza, kilichotengenezwa na kampuni ya Abbott, kilipewa kibali nchini Marekani tarehe 2 Machi 1985. Virusi havikuwa hata na jina moja wakati huo: Wafaransa waliviita LAV, Wamarekani HTLV-III, na jina la HIV, ambalo sisi tunasema VVU, lilikubaliwa mwaka 1986. Ugomvi wa nani aliyegundua na nani apate mapato ya kipimo ulifika mahakamani, ukamalizwa mwaka 1987 kwa makubaliano yaliyotangazwa na Rais Ronald Reagan na Waziri Mkuu Jacques Chirac. Ni nadra kwa kipimo cha damu kufika kwa wakuu wa nchi.

Alama za nyayo

Kipimo hicho hakikutafuta virusi. Kilitafuta kingamwili, yaani zile chembechembe ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na kitu kigeni kilichouingia. Kila kingamwili huumbwa kwa ajili ya adui wake, kama ufunguo na kufuli. Mkulima anayekuta nyayo za nguruwe kwenye shamba la mihogo hajamwona nguruwe, lakini anajua kwamba amepita. Kingamwili ni nyayo hizo. Mfano huu una mipaka yake miwili, na msomaji aishike yote. Kwanza, mnyama akiwa ameingia dakika hii, nyayo hazijaonekana bado. Pili, jioni yenye giza, nyayo za mbwa mkubwa zinaweza kudhaniwa za mnyama mwingine.

Njia iliyotumika huitwa ELISA. Ilibuniwa mjini Stockholm na Eva Engvall na Peter Perlmann mwaka 1971, kabla UKIMWI haujajulikana. Virusi vilivyokuzwa maabara viliuawa, vikavunjwavunjwa, na vipande vyake vikagandishwa juu ya vijigololi vya plastiki; watengenezaji wengine walitumia sahani yenye vishimo vidogo. Kisha sehemu ya majimaji ya damu ya mtu ilimiminwa hapo. Kama ilikuwa na kingamwili za virusi hivyo, ziling'ang'ania vipande hivyo hata baada ya kuoshwa. Kama haikuwa nazo, kila kitu kilikwenda na maji. Hatua iliyofuata ilikuwa kuongeza kingamwili nyingine, zilizotoka kwa mnyama kama mbuzi, zenye tabia ya kushika kingamwili za binadamu. Hizo za mbuzi zilikuwa zimefungiwa kimeng'enya. Baada ya kuosha tena, iliongezwa dawa inayobadilika rangi inapokutana na kimeng'enya hicho, na kadiri kingamwili zilivyokuwa nyingi, ndivyo rangi ilivyokolea. Kazi yote ilichukua saa kadhaa, ilihitaji umeme, jokofu, mashine ya kusoma rangi na mtaalamu aliyefunzwa.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mashine haisemi "anao" au "hana." Mashine inasema rangi imekolea kiasi gani. Ni binadamu aliyeamua kwamba kuanzia kiasi fulani tuseme ndiyo, na chini ya hapo tuseme hapana. Mpaka huo ukiwekwa juu, baadhi ya wenye maambukizi watapita bila kuonekana. Ukiwekwa chini, wasiokuwa nayo watanaswa pamoja na walio nayo. Hakuna mahali pa kuuweka ambapo makosa yote mawili yanatoweka.

Watengenezaji wa mwaka 1985 waliuweka chini kwa makusudi, kwa kuwa kazi waliyopewa ilikuwa kulinda damu ya kuongezewa wagonjwa. Mtu anayelinda damu hufikiri hivi: chupa kumi safi zikimwagwa kimakosa, hasara ni chupa kumi, chupa moja chafu ikipita, mgonjwa anaambukizwa. Kwa hiyo ni heri kumwaga. Karatasi ya maelezo iliyofungwa pamoja na kipimo ilionya kwamba hakikukusudiwa kuwa kipimo cha kumtambua mgonjwa wa UKIMWI. Lakini chupa haina hofu, haina mke wala mume, wala haina mwajiri. Kipimo kilekile kilipogeuzwa kutoka kwenye chupa na kuelekezwa kwa mtu, kosa lililokuwa dogo likawa kubwa.

Makosa hayo yalikuwa na sababu zinazojulikana. Virusi vya kipimo vilikuwa vimekuzwa ndani ya seli za binadamu, na mabaki ya seli hizo yalibaki kwenye vijigololi. Mwanamke aliyebeba mimba kadhaa huweza kuwa na kingamwili dhidi ya chembe za seli za watu wengine, kwa kuwa mwili wake ulikutana na chembe za mtoto zilizotoka kwa baba. Vivyo hivyo mtu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi. Kingamwili hizo hazina uhusiano wowote na VVU, lakini ziling'ang'ania mabaki yale ya seli, rangi ikatokea, na mama wa watoto watano akaonekana ana maambukizi kwa sababu tu ya uzazi wake. Katika miezi ya mwanzo ya kupima damu za wachangiaji nchini Marekani, karibu chupa 9 kati ya kila 1,000 zilibadilika rangi mara ya kwanza. Zilipopimwa upya, zilizobaki zilikuwa 2 au 3 tu, na hata hizo, nyingi hazikuthibitishwa na kipimo cha uhakiki.

Hesabu ya vijiji viwili

Hapo ndipo ilipo sababu kuu ya kurudia kipimo, na haihitaji maabara kuielewa; inahitaji kalamu. Tuchukue kipimo kizuri sana, kinachomnasa kila mwenye maambukizi na kukosea kwa watu 2 tu katika kila 1,000 wasio nayo. Kipeleke mahali penye watu 10,000 ambapo wenye maambukizi ni 10. Kitawanasa wote 10. Lakini katika wale 9,990 waliobaki, kitakosea kwa watu 20 hivi. Watu 30 watatoka chumbani na jibu moja, na 20 kati yao hawana kitu. Kipeleke kipimo hichohicho mahali pengine penye watu 10,000 ambapo wenye maambukizi ni 1,000. Sasa kitawanasa hao 1,000, na kukosea kwa watu 18. Karibu kila aliyeambiwa anao, anao kweli.

Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Kwa hiyo mtu hawezi kupewa jibu la uhakika kwa kutazama kipimo kimoja peke yake, hata kama kipimo hicho ni kizuri kiasi gani. Dawa yake ni kumpima tena, kwa kipimo cha aina nyingine. Neno "nyingine" lina uzito hapa. Kama kosa la kwanza lilitokana na namna kifaa kilivyoundwa, kurudia kwa kifaa kilekile ni kumwuliza shahidi mmoja swali moja mara mbili. Kifaa cha mtengenezaji mwingine, kilichoundwa kwa namna nyingine, ni shahidi wa pili.

Shahidi huyo wa pili, katika miaka ya mwanzo, alikuwa kipimo kiitwacho Western blot, ambamo vipande vya virusi hutenganishwa kwa ukubwa juu ya utepe, ili ionekane kingamwili za mtu zimeshika vipande vipi hasa. Kilipata kibali cha matumizi ya hospitali nchini Marekani mwaka 1987, ingawa maabara za utafiti zilikitumia kabla ya hapo. Kilikuwa ghali mno, na hata chenyewe mara nyingine kilitoa jibu lisilo ndiyo wala hapana.

Yaliyotokea Afrika

Vipimo hivyo vya awali viliposafirishwa kuja Afrika, tatizo lilizidi. Mwaka 1985 watafiti walichapisha matokeo ya kupima damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu miaka ya 1972 na 1973, ya watoto wa eneo la West Nile nchini Uganda. Kati ya sampuli 75, waliripoti kwamba 50 zilikuwa na kingamwili za virusi. Kama ingekuwa kweli, basi theluthi mbili ya watoto hao walikuwa wamekutana na virusi miaka kumi kabla ya ugonjwa kujulikana. Haikuwa kweli. Uchunguzi uliofuata nchini Uganda haukuonyesha dalili ya ugonjwa huo kuenea kwa kiasi hicho enzi zile, na kazi nyingine iliyofanyika mashariki ya Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilionyesha kwamba damu ya watu waliougua malaria mara kwa mara iliweza kubadilisha rangi ya kipimo bila VVU kuwapo. Mwili unaopigana na malaria tangu utotoni hujaa kingamwili za kila namna, na baadhi hunata pasipostahili. Damu iliyogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi nayo hunata.

Tunalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu liliacha madhara ya pande mbili. Takwimu zilizotiwa chumvi na kipimo zilisambaa duniani na kuwachafua watu wa Afrika. Zilipokanushwa, wapo walioruka hadi upande wa pili, wakasema basi vipimo vyote ni uongo na ugonjwa wenyewe haupo. Huo nao ulikuwa upotofu, tena uliogharimu maisha. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walipima wakazi wa Kagera waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa vipimo vilivyothibitishwa. Katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya kila 100 walikuwa na maambukizi, na katika baadhi ya maeneo ya vijijini chini ya mtu mmoja kati ya 100. Kipimo kilichohakikiwa kilionyesha kwamba msiba ulikuwa mkubwa, kikaonyesha pia ni wapi ulipo na wapi haujafika.

Kuchelewa kupima kulikuwa na gharama yake vilevile. Ufaransa, nchi iliyovigundua virusi, haikulazimisha upimaji wa damu za wachangiaji hadi tarehe 1 Agosti 1985, huku kipimo cha Marekani kikiwa kimekwisha kuwapo na cha Pasteur kikisubiriwa. Shauri hilo lilifika hadi kwa mawaziri. Mwaka 1999 aliyekuwa Waziri Mkuu, Laurent Fabius, aliachiwa huru, na aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Afya, Edmond Hervé, akatiwa hatiani bila kupewa adhabu. Mjini Kinshasa, katika hospitali ya Mama Yemo, watafiti walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto walioishiwa damu kwa malaria walikuwa wakiambukizwa VVU kwa damu waliyoongezewa ili kuokolewa. Mtoto wa namna hiyo hawezi kusubiri saa nne za ELISA, na umeme ukikatika ndiyo basi. Haja hiyo ndiyo iliyosukuma utengenezaji wa vipimo vya haraka visivyohitaji mashine, ambavyo ni mababu wa kile kijiti tunachokitumia zahanati.

Benki ya damu na chumba cha ushauri

Turudi kwa kijana wetu. Machi 1985 benki za damu za Marekani zilipoanza kupima, wenye afya waliogundua kwamba zilikuwa mahali pekee penye kipimo wangeenda kuchangia ili wapate majibu. Hatari yake ilionekana mapema. Mwili huchukua majuma kadhaa tangu kuambukizwa hadi kingamwili ziwe nyingi za kutosha kuonekana. Kwa vipimo vya 1985 muda huo uliweza kufika majuma mengi zaidi ya ilivyo leo. Wataalamu huuita dirisha. Ndani ya dirisha hilo virusi ni vingi katika damu, na kipimo kinasema hapana. Mtu anayejishuku kwa jambo lililotokea mwezi uliopita ndiye hasa anayetaka kupimwa, na ndiye hasa ambaye damu yake ni ya hatari kuliko zote. Akienda benki ya damu, damu yake inaweza kupita mlinzi na kumfikia mgonjwa.

Kwa sababu hiyo Serikali ya Marekani, mwaka huohuo, ilitoa fedha za kufungua vituo vya kupima vilivyo mbali na benki za damu. Katika vituo vingi mtu alipewa namba badala ya kuandika jina lake, kwa kuwa watu waliogopa, na si bure, kwamba orodha ya majina ingewafikia waajiri na makampuni ya bima. Vyama vya baadhi ya walioathirika viliwashauri watu wasipime kabisa. Tusiwahukumu haraka: dawa ya kwanza, AZT, ilipata kibali Machi 1987, na kabla ya hapo jibu la ndiyo halikuja na tiba yoyote. Kampala nako, watu walipoanza kwenda benki ya damu ya Nakasero ili wajue hali zao, kulifunguliwa mwaka 1990 kituo cha habari za UKIMWI kwa ajili ya kupima kwa hiari, kwa siri na kwa ushauri, kikiwa miongoni mwa vya kwanza vya aina yake barani Afrika.

Utaratibu tunaouona sasa ulitokana na mambo hayo: ushauri kabla ya kipimo, siri, swali la "mara ya mwisho kujiweka hatarini ilikuwa lini," na ombi la kurudi baada ya miezi mitatu. Muuguzi anapouliza swali hilo la mwisho hachungulii maisha ya mtu. Anahesabu dirisha.

Hali ilivyo katika vituo vyetu

Vipimo vya leo ni bora kuliko vya 1985 kwa mambo mengi. Vipande vya virusi havitolewi tena katika seli za binadamu bali hutengenezwa vikiwa safi, hivyo yale makosa ya akina mama wenye watoto wengi yameondoka kwa sehemu kubwa. Dirisha limepungua. Hata hivyo hesabu ya vijiji viwili haijabadilika, na haitabadilika. Ndiyo maana kipimo cha haraka cha kwanza kikitoa jibu la hasi, unaambiwa hasi. Kikitoa chanya, hufuata cha aina ya pili, na Shirika la Afya Duniani tangu 2019 limependekeza na cha tatu kabla mtu hajaambiwa kwamba ana maambukizi. Wazo hili la kuthibitisha kwa vipimo rahisi viwili au zaidi, badala ya ile Western blot ya gharama, lilifanyiwa kazi hapa nchini pia, na watafiti wa Muhimbili walikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba linafaa. Majibu yakipingana, mtu huombwa kurudi baada ya siku kadhaa, na jibu la "rudi" si jibu la "unao."

Kifaa cha kujipima mwenyewe kwa majimaji ya kinywani kinaruhusiwa kisheria tangu marekebisho ya mwaka 2019, ambayo pia yalishusha umri wa kuridhia kupimwa bila mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Mistari miwili katika kifaa hicho inamaanisha jambo moja tu: nenda kituoni ukapimwe. Anayekwisha kuanza dawa za kufubaza virusi asijipime tena kwa kifaa hiki wala kwa kingine cha haraka ili kuona kama amepona, kwa kuwa dawa huweza kupunguza kingamwili kiasi kwamba nyayo zifutike huku mnyama akiwa bado porini; kinachofuatiliwa kwake ni wingi wa virusi, na kipimo hicho hufanyika kwa utaratibu wa kliniki ya tiba na matunzo.

Watoto wachanga wana habari yao peke yao. Mama mwenye VVU humpitishia mtoto kingamwili zake tumboni, nazo huweza kubaki hadi miezi 18. Kwa hiyo kipimo cha kingamwili kwa mtoto mchanga kinasoma nyayo za mama. Mtoto huyo huchukuliwa tone la damu kisiginoni anapofikisha majuma manne hadi sita, likakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara inayotafuta virusi vyenyewe. Tunawaomba akina mama na akina bibi wasiikose tarehe hiyo kwa sababu mtoto "anaonekana mzima."

Kupima ni bure katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za Serikali. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, kupima ni kwa hiari na majibu ni siri ya aliyepimwa. Mhudumu anayeyatoa nje anavunja sheria, na malalamiko yapokelewe katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Asiyependa kuonekana katika zahanati ya kijiji chake anaweza kupimwa katika kituo kingine chochote, bila kuulizwa kwa nini ametoka mbali. Wachangiaji damu wanahitajika mwaka mzima, nao watapimwa kama kawaida. Anayetaka kwanza kujua hali yake aanzie chumba cha ushauri nasaha, na kama alijiweka hatarini hivi karibuni, aahirishe kutoa damu hadi miezi mitatu ipite na apimwe tena.

Kijana yule aliyeuliza swali uwanjani alifika kituo cha afya alasiri hiyohiyo. Majibu aliyopewa ni yake mwenyewe.